Uzi wa kukatia majani, waya wa gia au upepo wa kompresa: kipi kinazibua njia za maji za gari bila kukuletea hasara

Tuanze na jibu. Kwa magari ya Tabora, kifaa bora cha kuzibulia njia za maji, yaani matundu na mabomba yanayotoa nje maji ya mvua na ya AC, ni uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani: uwe wa duara, unene wa milimita 2.4, urefu wa mita tatu. Wa pili ni waya wa gia wa baiskeli. Wa tatu ni kijiti cha mshikaki, ambacho hakuna anayekiheshimu, lakini kwenye milango kinavishinda vyote. Upepo wa kompresa, ambao ndio huduma ya kwanza utakayopewa ukifika gereji, tunauweka mkiani, na sababu tutazieleza kwa kirefu kwa kuwa hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Tabora ina namna yake ya kuziba gari. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hakuna, vumbi linaingia kila penye upenyo, na kila mwenye gari anasaka kivuli. Kivuli chenyewe ni mwembe. Mwembe unachanua katikati ya kiangazi, na maua yake yakikauka hudondoka kama chenga nyepesi zenye vijiti vyembamba. Chenga hizo zinapenya grili ya chini ya kioo cha mbele, zinachanganyika na vumbi jekundu, kisha zinatulia hapo zikisubiri Novemba. Mvua ya kwanza haizisombi, inazikanda. Ndiyo maana gari lililopita kiangazi chote bila shida linaamkia kapeti iliyolowa chapachapa baada ya mvua ya pili au ya tatu. Miembe ya njia ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo iliwapa wapagazi kivuli. Noah na Forester hazikuwa kwenye hesabu.

Kabla ya kununua kifaa chochote, jua kwanza maji ni ya wapi. Kapeti ya mbele upande wa abiria inaweza kulowa kwa maji ya aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Maji masafi yasiyo na rangi, yanayoonekana hata siku ya jua kali baada ya safari ndefu na AC imewashwa, ni ya AC: bomba lake la kudondoshea limeziba. Maji ya vumbi au yenye chenga za majani, yanayokuja baada ya mvua au kuosha gari, yametoka nje. Maji yenye rangi, yanayonata ukiyasugua kati ya vidole na yenye harufu tamutamu, ni ya rejeta. Yamevuja kwenye hita ya ndani, na hapo hakuna tundu la kuzibua, nenda kwa fundi moja kwa moja. Funika kapeti kwa karatasi nyeupe ya chooni usiku mmoja, asubuhi rangi itajisema.

Hatua hii watu wengi wanairuka. Fundi anatazama kapeti, anatazama kioo, anasema, "Bosi, raba ya kioo imekufa hii," na silikoni inaanza kumwagwa kuzunguka kioo kizima. Silikoni ile inayonuka kama siki ina tindikali inayotoka wakati inakauka, na ikigusa bati lililochubuka rangi inakaribisha kutu. Ukitoka hapo una mfereji uleule ulioziba, na kutu mpya juu yake.

Sasa vifaa.

Uzi wa kukatia majani unauzwa kwenye maduka ya vipuri vya mashine na pembejeo, na muuzaji atakukatia kwa mita. Zipo nyuzi za duara, za pembe nne na za umbo la nyota. Chukua wa duara tu. Wa pembe unakata majani vizuri, lakini ndani ya bomba la raba kingo zake zinakwaruza na kunasa. Unene wa milimita 2 unafaa penye kona kali. Wa 3 ni mgumu kama mjeledi, unaweza kutoboa. Mita tatu zinatosha kufika mwisho wa bomba la nyuma la sanrufu, kile kioo cha paa kinachofunguka, katika gari la kawaida, na kubaki na pa kushika. Uzi ukitoka kwenye roli unakuja umejikunja. Uloweke kwenye maji ya moto dakika chache, unyooshe, uache upoe ukiwa umenyooka. Ncha ichome kidogo kwa kiberiti na kuiviringisha juu ya bati ili iwe duara. Ncha iliyokatwa kwa mkasi ina makali, na makali hayo ndiyo yanayotoboa bomba. Usiiyeyushe mpaka ikatoa kifundo kinene kuliko uzi wenyewe, kitanasa wakati wa kurudi.

Waya wa gia wa baiskeli ni mzuri kwa sababu mwisho wake una kichwa kidogo chenye upana wa milimita nne na ushee, laini, cha mviringo. Kichwa ndicho kitangulie. Ukikata kichwa na kuingiza upande uliokatwa, nyuzi zake zinachanuka kama ufagio na kuchana raba. Waya wa breki una kichwa kikubwa zaidi, mara nyingi hakiingii. Angalizo kwa mji huu: baiskeli nyingi nyeusi za mizigo breki zake ni za vyuma, hazina waya kabisa, kwa hiyo usiende kwa fundi baiskeli ukasema "waya" tu. Sema waya wa gia, wa ndani, mpya. Uliotumika una mikunjo, na kila mkunjo ni mahali pa kukwama.

Mahali pa kwanza pa kushughulikia si bomba lolote. Ni mfereji wa waipa, ule ulio chini ya plastiki nyeusi kati ya boneti na kioo. Kwa makadirio yetu, huo ndio mzizi wa kapeti nyingi zilizolowa Tabora, na kazi yake haihitaji uzi wala waya, inahitaji mkono. Fungua boneti. Bandika kipande cha selotepu ya karatasi kwenye kioo mahali waipa zinapolala, ili uzirudishe palepale. Toa vifuniko vya plastiki, fungua nati; kwa Toyota nyingi ni namba 14. Mkono wa waipa ukigoma, utikise pole pole huku na huku mpaka uachie, usiugonge nyundo, kwani unakaa kwenye meno madogo yanayoharibika upesi. Chomoa klipu za plastiki, inua plastiki yote. Kama chini yake kuna bati lililobeba mota ya waipa, linashikwa na bolti za namba 10, na litoke pia.

Utakuta matope meusi, majani, pengine punje za mahindi za panya. Yachote kwenda juu. Tunarudia, kwenda juu: chota kwa mkono, kwa kijiko cha mbao, kwa mashine ya kufyonza vumbi ukiwa nayo. Kosa la kawaida ni kufungulia mpira wa maji na kusukuma kila kitu kwenye tundu la pembeni. Tundu lile lina upana wa vidole viwili hivi, linashuka ndani ya madigadi, na uchafu ukifika kwenye kona unajipanga upya, safari hii mahali mkono usipofika. Baada ya kuchota, mwaga lita moja ya maji upande wa kulia, lita moja upande wa kushoto, taratibu. Yatoke nyuma ya tairi za mbele bila kusimama mferejini. Upande mmoja ukisita, fungua plastiki ya ndani ya madigadi, sehemu ya nyuma ya tairi, utoe klipu na skrubu chache, uingize mkono kwenye pembe ya chini karibu na mlango. Mara nyingi pale pana tope la ukubwa wa ngumi, bichi hata mwezi wa nane. Kutu ile inayotoboa madigadi chini, mbele ya mlango, huanzia hapo. Fundi bodi anapaka pati kwa nje wakati tope liko ndani linaendelea na kazi yake.

Kwa magari ya usukani wa kulia, mdomo unaovuta hewa ya ndani ya gari kwa kawaida uko kwenye mfereji huohuo, upande wa abiria. Maji yakipanda mferejini yanamwagikia humo, yanapita kwenye feni, yanaishia kapetini. Kwa hiyo toa filta ya AC nyuma ya droo ya dashibodi: ikiwa imelowa au ina chenga za maua ya mwembe, kesi imekwisha, mwizi amekamatwa na kuku mkononi. Feni inayopiga kelele kama imebeba changarawe ni ushahidi mwingine.

Sanrufu ndiyo sehemu ambayo uzi wa nailoni unalipa gharama zake. Watu wanaamini raba ya kioo cha paa inazuia maji yote. Haizuii, wala haikutengenezwa ifanye hivyo. Chini yake kuna sinia, na kwenye pembe zake kuna matundu, kwa kawaida manne. Mawili ya mbele yanashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au ndani ya madigadi. Ya nyuma yanashuka nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa. Sinia likijaa, utaona paa la kitambaa lina doa la chai kuzunguka taa ya ndani, au maji yanakudondokea ukifunga breki, kwa kuwa ndipo yanapokimbilia mbele.

Fungua kioo chote, futa sinia kwa kitambaa chenye unyevu kwanza, vinginevyo unachokisukuma chini ni uchafu wa juu. Ingiza uzi kwa vidole viwili, ukiuviringisha kama unayezungusha kijiti cha moto. Ukikutana na kona unaviringisha zaidi, husukumi zaidi. Tofauti ya kona na kizuizi inasikika mkononi: kona inarudisha uzi kama springi, kizuizi kinaukamata kama tope linavyokamata kandambili. Ukikamatwa, rudi, tia vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, subiri dakika kumi, ujaribu tena. Baadhi ya mabomba yana kiraba mwishoni chenye mpasuko kama mdomo wa bata, kinachozuia vumbi na wadudu kupanda. Uzi haukipiti vizuri, na tope huganda hapohapo. Kifuate kwa chini, kikamue kwa vidole, tope litoke kama dawa ya meno.

Jaribio ni robo lita ya maji kwa kila pembe, kwa chupa, pole pole, gari likiwa mahali tambarare. Mtu wa pili achungulie chini. Maji yanayoingia pembe ya mbele kulia yaonekane mbele kulia. Yakipotea bila kutoka popote, simama mara moja, bomba limechomoka au limepasuka ndani ya nguzo, na maji yako sasa yamo garini.

Hapo ndipo hukumu yetu juu ya kompresa inaposimama. Upepo wa kujazia matairi ya malori gereji hukaa kwenye bar 6 hadi 8. Bomba la sanrufu limechomekwa tu kwenye kipua cha plastiki, mara nyingi bila klipu yoyote. Ukipuliza kwa juu, kitu chepesi ndicho kinachoachia, na mara nyingi kitu chepesi si tope, ni bomba lenyewe. Unasikia "pwaa", fundi anatabasamu, "Imezibuka hiyo, bosi." Imechomoka. Mvua inayofuata maji hayaendi tena sinia mpaka chini, yanashuka nyuma ya kitambaa cha paa hadi kwenye nyaya na vifaa vya umeme vilivyo nyuma ya dashibodi. Kurudisha bomba ni kushusha kitambaa cha paa, kazi ya siku nzima kwa mtu mwangalifu, na klipu za nguzo zikivunjika hazipatikani mjini kirahisi. Kwa atakayeng'ang'ania upepo, pampu ya mkono ya baiskeli yenye kitambaa kuzunguka mdomo wake inatosha, tena unasikia kwa mkono lini upinzani umeachia.

Kompresa ina mahali pake, hatuisemi vibaya kila kona. Kupuliza vumbi lililokauka ndani ya mlango kupitia matundu ya chini, plastiki ya ndani ikiwa imefunguliwa, inafanya kazi nzuri sana. Vaa miwani.

Milango, basi. Kila mlango una matundu mawili au matatu kwenye ukingo wa chini, mengine yamejificha kwenye mkunjo wa bati, mengine yana kiraba. Maji yanaingia mlangoni kila mvua inaponyesha, yanapita pembeni mwa kioo. Hilo ni la kawaida. Yasipotoka, utasikia chubwi chubwi ukifungua mlango. Hapa kijiti cha mshikaki ndicho mfalme: mbao haichubui rangi. Vunja ile ncha kali, ingiza, zungusha, toa, futa, rudia. Bisibisi linazibua upesi kuliko kijiti, lakini linaacha mkwaruzo kwenye ukingo wa tundu, mahali penye unyevu kila siku, na kutu haihitaji mwaliko mwingine. Kamba za plastiki za kubania nyaya nazo zinafaa, nyembamba. Halafu mwagia lita moja juu ya raba ya nje ya kioo na uhesabu matundu yanayotoa. Kama yanatoka yote na bado miguu inalowa, tazama karatasi ya nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango kwa gundi nyeusi: aliyefunga spika au kutengeneza dirisha mara ya mwisho huenda aliipasua na hakuibandika tena.

Bomba la AC ni fupi, linatokea kwenye ukuta wa injini upande wa abiria, chini. Kwa Tabora lina adui wa pekee: nyigu wajengao kwa udongo, ambao wanaliona tundu kama kiwanja kilichopimwa. Piga magoti, ligonge kidogo, choma kwa uzi sentimita chache tu. Ndani mbele yake kuna mapezi laini ya kipozea hewa, na uzi ukipelekwa kwa hasira unayapinda. Bora kufyonza kutoka chini kuliko kupuliza kwenda juu. Maji yakifunguka yatatoka mengi kwa mara moja, kaa pembeni.

Tundu dogo pembeni mwa mfuniko wa mafuta: kijiti kinatosha. Likiziba, maji yanatuama kuzunguka mfuniko na kuingia tangini siku ukifungua kujaza.

Vizingiti vya chini ya milango vinahitaji jicho zaidi kuliko kifaa. Vina matundu membamba kwenye mshono wa chini, ya kutolea maji, na vina vizibo vya raba vya duara, ambavyo si vya kutolea maji. Usichomoe vizibo ukidhani umegundua njia iliyoziba. Na ukipeleka gari kupakwa rangi ya lami chini, mwambie fundi azibe matundu kwa selotepu kwanza na aiondoe akimaliza. Wengi wanapaka juu ya kila kitu. Gari linang'aa kwa chini huku linaoza kwa ndani.

Huduma ya kuosha kwa mashine ya msukumo tunaipa alama nzuri kwa kitu kimoja: fremu ya magari kama Hilux, Prado na Land Cruiser, ambayo ni boksi la chuma lenye matundu pembeni. Ingiza mdomo wa mashine tundu la mbele, sukuma kuelekea nyuma mpaka maji yanayotoka nyuma yawe meupe. Kwa mfereji wa waipa, sanrufu na raba za milango, muoshaji akae mbali, angalau sentimita 30, na asielekeze maji kwenye tundu hata kidogo.

Vya kutotumia kabisa: dizeli na petroli, zinavimbisha raba, maji yanayochemka, magadi makali ya kuzibulia sinki, yanakula alumini na rangi.

Kapeti iliyokwisha lowa haikauki kwa kufungua madirisha. Chini yake kuna godoro zito linaloshika maji kwa wiki kadhaa, na nyaya za gari zinapita katikati yake. Fungua viti, inua kapeti, anika yote juani, na ukague soketi za nyaya kama zina ukungu wa kijani.

Bei ya uzi hata wa mita tano haifikii ya chakula cha mchana, kwa hiyo hatutajadili bei. Ukiamua kumpa fundi kazi, mpelekee uzi wako mwenyewe tayari umechomwa ncha, na umwambie mapema: "Fundi, paa usilipulizie upepo, tumia huu." Kisha chukua chupa ya maji, chuchumaa nyuma ya tairi la mbele, na usilipe mpaka yatokee pale.